Kuruka kwa mwavuli: Nani mwenye mamlaka ya kusema leo haturuki?

KWA miaka mingi Watanzania wamezoea kuona miavuli angani siku za sherehe za kitaifa tu, makomando wa Jeshi la Wananchi wanaposhuka uwanjani na bendera huku umati ukishangilia. Siku hizi kuruka kutoka kwenye ndege ni biashara ya utalii pia katika Afrika Mashariki.

Katika ufukwe wa Diani, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, ndege ndogo hupaa kutoka Ukunda ikiwa na watalii waliofungwa kifuani mwa wakufunzi wao, na muda si mrefu abiria hao hutua mchangani mbele ya watu wanaoota jua.

Hakuna sababu ya kudhani kuwa biashara hiyo itaishia Diani. Serikali ya Tanzania imetumia miaka kadhaa kutafuta namna ya kuvuta watalii upande wa kusini. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikuwa mojawapo ya hifadhi nne zilizolengwa na mradi wa REGROW, ambao fedha zake Benki ya Dunia ilizisitisha mwaka 2024. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kupitia Kilosa. Mtalii aliyekwisha kumwona simba na twiga hutafuta kitu kingine cha kusimulia akirudi kwao.

Malolo ni mfano mzuri wa mahali ambapo jambo hilo linaweza kufikia. Kata hiyo ya Wilaya ya Kilosa, iliyo upande wa Ruaha Mbuyuni, ina bonde lililozungukwa na milima, na mashamba ya vitunguu na mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mto Mwega. Si uwanja wa warukaji. Lakini machoni pa mfanyabiashara wa mchezo huu, ardhi tambarare iliyo wazi, yenye milima ya kupendeza pembeni na kiwanja kidogo cha ndege huko Mikumi, ni zawadi.

Swali la kujiuliza ni hili: siku ndege hiyo ikija, ni kanuni ipi itakayoamua urefu ambao mtu hataruhusiwa kuruka chini yake, na ni nani atakayeisimamia?

Kuruka kutoka chini si jambo geni katika ukanda huu. Alfajiri ya Novemba 24, mwaka 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320 walirushwa kutoka ndege tano za C-130 za Marekani juu ya Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani, kuwaokoa mateka waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Waliruka wakiwa kiasi cha mita 200 tu kutoka ardhini. Mei 19, mwaka 1978, askari wa kikosi cha kigeni cha Ufaransa walifanya vivyo hivyo Kolwezi, Katanga, kutoka kiasi cha mita 250, tena wakiwa na miavuli ya Kimarekani ambayo hawakuizoea.

Makamanda hao walikuwa na hesabu yao. Askari anayening'inia angani ni shabaha, na kadiri anavyokaa huko muda mfupi ndivyo anavyopona. Isitoshe, mwavuli wake haumsubiri yeye aufungue. Kamba iliyofungwa ndani ya ndege huuvuta mara tu anapotoka mlangoni, hivyo hapati muda wa kuanguka kwa kasi kubwa. Pamoja na hayo, kwa urefu ule mwavuli wa akiba ulikuwa faraja zaidi kuliko msaada.

Mrukaji wa starehe hana adui chini yake. Kwake yeye urefu ndio muda, na muda ndio kila kitu.

Mtu anayeanguka kifudifudi, mikono na miguu ikiwa imetandazwa, hufikia kasi ya takriban mita 54 kwa sekunde, sawa na kilomita 190 hivi kwa saa. Akiwa mita 760 kutoka ardhini amebakiwa na sekunde 14. Mwavuli wa kisasa unaweza kutumia mita 200 au zaidi kufunguka vizuri. Ukijisokota, inabidi agundue tatizo, aamue, aukate, kisha afungue wa akiba, na hayo yote kichwa chini miguu juu. Hesabu hiyo haina nafasi ya kusitasita.

Ndiyo maana Shirikisho la Warukaji wa Miavuli la Marekani, USPA, linawataka wanafunzi na wenye leseni ya ngazi ya chini kufungua miavuli yao wakiwa bado futi 3,000 juu, yaani zaidi ya mita 900. Kwa wazoefu kiwango kilikuwa futi 2,000 hadi mwaka 2013 kilipopandishwa kuwa futi 2,500. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba miavuli ya kisasa hufunguka polepole kuliko ya zamani, na hivyo kukaribia mno urefu ambao kifaa cha dharura huanza kazi.

Kifaa hicho, ambacho toleo lake lililoenea zaidi lilitengenezwa Ujerumani mwaka 1991, hupima mgandamizo wa hewa na kufungua mwavuli wa akiba chenyewe iwapo mrukaji bado anaanguka kwa kasi akiwa kiasi cha mita 225 juu ya ardhi. Kimeokoa watu wengi. Lakini mita 225 ni sekunde nne, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanga safari yake kwa kutegemea sekunde nne.

Inafaa kueleza pia kwamba viwango hivyo vya futi havikuwekwa na Serikali ya Marekani. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo hushughulikia ndege, rubani, mawingu na ufungaji wa mwavuli wa akiba. Urefu wa kufungua umeachwa kwa shirikisho la warukaji wenyewe, na viwanja vinavyojiunga nalo huahidi kuufuata. Mwaka 2023 shirikisho hilo lilihesabu vifo 10 katika miruko takriban milioni 3.65. Mfumo huo unafanya kazi kwa sababu kuna shirikisho lenye nguvu, wakaguzi, na maelfu ya warukaji wanaojuana na kusutana. Uwanja mmoja uliopo peke yake kwenye ufukwe au bondeni hauna jirani wa kuusuta.

Kwa upande wa sheria, Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaozifunga Tanzania na Kenya, kinataka kuruka kwa mwavuli kusikokuwa kwa dharura kufanyike kwa masharti yaliyowekwa na mamlaka ya nchi husika. Kwa Tanzania hiyo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kwa Kenya ni KCAA. Kiambatisho hakitaji urefu wa kufungua mwavuli wala ukubwa wa eneo la kutua. Mzigo wote uko kwenye neno "masharti".

Masharti hayo ndiyo yanayopaswa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mazingira ya huku hayafanani na yale ambako kanuni nyingi ziliandikwa.

Chukua suala la urefu wenyewe. Rubani husoma urefu kutoka usawa wa bahari, ilhali mrukaji anahitaji urefu kutoka ardhi atakayoikanyaga. Ukunda, ambako ardhi inakaribiana na bahari, tofauti hiyo haina uzito. Dodoma, ambayo iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, ndege inayosoma mita 2,000 inampa mrukaji mita 900 tu.

Katika nchi ya mabonde na milima kuna mtego mwingine. Saa ya urefu anayovaa mrukaji mkononi huwekwa sifuri pale ndege inapoanzia safari, na kifaa cha dharura nacho hujirekebisha hapo hapo. Ndege ikipaa Mikumi na watu wakatua bonde jingine lililo juu zaidi, vyombo vyote viwili vitawaambia kuwa wana nafasi ambayo hawana, isipokuwa mtu awe ameingiza tofauti hiyo kabla ya kuondoka. Juu ya hayo, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na mwavuli ule ule hutua kwa kasi zaidi Nairobi kuliko Diani.

Kilimanjaro imekwisha kutoa mafunzo ya aina hiyo. Mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov aliruka kutoka kwenye ukuta wa mlima huo akiwa na vazi lenye mabawa, akatua salama. Miaka miwili baadaye alifariki dunia Nepal akifanya mruko kama huo. Septemba 2019 mtalii raia wa Kanada alifariki Kilimanjaro akijaribu kushuka kwa mwavuli wa kuelea ambao, kwa mujibu wa TANAPA, haukufunguka. Michezo hiyo miwili ni tofauti na kuruka kutoka kwenye ndege, lakini yote humweka mtu karibu na ardhi akiwa na nafasi ndogo ya kurekebisha kosa.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi katika biashara hii huenda isiwe milima wala hewa. Huenda ikawa wingu na risiti.

Mtalii amelipa. Ndege imekwisha kuchoma petroli ikipanda. Rubani anakuta mawingu yametanda mita 1,200, ilhali safari iliuzwa kama ya mita 3,000. Kuna njia mbili: kushuka na abiria wote na kurudisha fedha, au kuwarusha chini ya wingu. Kwa mzoefu anayeruka peke yake na kufungua mara moja, mita 1,200 si tatizo. Kwa mkufunzi aliyefungwa na mgeni mwenye hofu, ambaye hajawahi kuruka maishani mwake, nafasi ya kurekebisha tatizo imeliwa karibu yote.

Uwanja wenye kanuni zilizoandikwa hauachi uamuzi huo ufanyike mlangoni mwa ndege. Unaeleza mapema urefu wa chini wa kuruka kwa kila kundi, kasi ya upepo inayosimamisha shughuli, na kwamba injini ikizimika ndege ikiwa chini ya futi 1,000 hakuna anayeruka, wote wanabaki wamefunga mikanda na kutua na rubani. Jambo la mwisho humshangaza mgeni, ambaye hudhani kuwa mwenye mwavuli hana haja ya kuogopa ndege kuanguka. Na uwanja ulio makini unaeleza pia mteja atarudishiwa fedha zake lini, maana kanuni ya usalama ambayo kila ikitumika inamtia mwenye kampuni hasara ambayo hakuipangia ina maisha mafupi.

Aidha, kuna walio chini. Diani hilo linaonekana wazi. Msimu wa kusi upepo huvuma kutoka baharini kuelekea minazi na mapaa ya hoteli. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, ufukwe uliokuwa mpana asubuhi hubaki ukanda mwembamba wenye wauza vinyago, watoto na ngamia wa kupanda watalii. Mahali kama hapo, jedwali la maji kujaa na kupwa ni sehemu ya kanuni za kutua sawa na kipimo cha upepo. USPA hutaka mwanafunzi anayeruka peke yake awe na eneo lisilo na vikwazo kwa mita 100 kila upande. Ni vigumu kufikiria ufukwe wa hoteli wenye nafasi hiyo saa zote za siku.

Malolo ingekuwa na orodha yake: mifereji ya maji, nyaya za umeme, miteremko ya mlimani isiyo na njia ya gari, na watu wengi shambani wakati wa kung'oa vitunguu. Majeruhi angepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, na gari la kumchukua lingepaswa kuwa limesimama bondeni kabla ndege haijapaa.

Mtalii husaini fomu ya kukubali hatari. Mkulima aliyeinama tutani hajasaini chochote. Kwa hiyo haitoshi masharti ya kibali kubaki katika jalada kati ya mamlaka na kampuni. Yabandikwe kwenye eneo la kutua, kwa Kiswahili, yakitaja urefu, upepo, msimu na jina la cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli. Mtu huyo asiwe anayelipwa kwa idadi ya vichwa vilivyorushwa.

Katika hili vijiji vina nguvu ambayo mara nyingi husahaulika. TCAA inasimamia anga, lakini ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji inayowajibika kwa mkutano mkuu wa wanakijiji. Kampuni itakayotaka kutua Malolo itahitaji ruhusa mbili, na ile ya pili inaweza kubeba masharti ya kwake: miezi ya mavuno bila ndege, ukanda wa kutua uliowekewa alama mbali na mifereji, na kiwango cha fidia kwa kila tuta litakalokanyagwa, kilichokubaliwa kabla mtu wa kwanza hajaruka.