Benchi Isigeuke Bariere

Uvira, Novemba 2024

Kamaradi, ndugu na dada wa Mulongwe, Kakombe, Kalundu, Kavimvira na kartiye zote,

Wiki hii tunaandika juu ya jimu. Tunajua kuko wenye watacheka: "Watu wanakufa huko milimani, na ninyi mnatuletea habari ya jasho na taulo?" Ndiyo, tunaileta. Someni kwanza, halafu mcheke.

Jimu za mtaa hapa kwetu kila mtu anazijua. Bati na mbao, pengine kiwanja wazi tu. Chuma ni bomba lenye mikebe miwili ya rangi iliyojazwa simenti. Vingine ni vipande vya gari lililokufa zamani. Benchi mara nyingi ni moja. Vitu hivi havikuletwa na serikali wala shirika la wazungu. Vijana walichanga franga zao, mmoja akatafuta simenti, mwingine akachomelea. Tumejijengea vitu vingapi vingine hivyo, bila kusubiri mtu?

Halafu anakuja pomba.

Anafika saa kumi na moja jioni, saa ambayo kila mtu ametoka kwenye shughuli zake. Anatandika singleti yake juu ya benchi, na benchi inakuwa yake mpaka giza. Ananyanyua mara kumi, anakaa. Anaangalia simu. Ananyanyua tena, anasimulia mambo ya mpira. Mdogo akimuuliza, "Yaya, tunaweza kupeana zamu?", anaangaliwa kama mwizi. Na akimaliza anaondoka, chuma anakiacha vilevile na mizigo yake yote. Mtoto wa miaka 16 ahangaike peke yake kuishusha. Hajui kwamba unatoa kidogo huku, kidogo kule. Anatoa upande mmoja wote, upande wa pili unavuta, bomba linaruka. Hivyo ndivyo mguu wa mtu unavunjika, na gharama ya hospitali analipa mama yake mwenye kuuza ndagala sokoni.

Mtu yeyote aliyepanda gari kutoka hapa kwenda Bukavu kwa njia ya Kamanyola anajua bariere ni nini. Kamba, mtu mwenye nguvu, na njia ya wote inayogeuka kuwa njia yake. Hana karatasi yoyote, ana bunduki tu. Tumepiga kelele mara ngapi juu ya bariere? Sasa mtuambie tofauti ya ile kamba na ile singleti.

Jibu lao tunalijua. "Mimi niko hapa tangu mwanzo, hivi vyuma nilivileta mimi." Aksanti sana, yaya, kweli. Lakini maneno hayo tumeshayasikia kwa wakubwa wa hii nchi, kila mara wakitaka kubaki kwenye kiti. Tarehe 23 Oktoba, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kuandaa Katiba mpya, na vijana wengi tuliuliza palepale: ni nani anataka kukaa juu ya benchi kuliko zamu yake? Ukiwa na ujasiri wa kumuuliza Rais swali hilo, jiulize na wewe saa kumi na moja na nusu, wakati watu watano wamesimama wanakungojea.

Na dada zetu. Hapa hatutazunguka. Msichana akiingia, mazungumzo yanazimika, macho yote yanamfuata, mmoja anatoa simu na kumpiga video bila ruhusa. Mwingine, eti kwa wema, anakuja kumshika kiuno amfundishe kuchuchumaa. Nani alikuita? Akiacha kuja, tunasema "wanawake hawapendi spoti." Kuko wenye wamependekeza tuwatengee saa mbili za asubuhi siku ya Jumanne. Siye tunakataa. Dada hahitaji kutengewa saa mbili, saa zote ni zake sawa na zako. Anayepaswa kurekebishwa ni yule mwenye simu, na akirudia atoke.

Sasa taulo, wenye kucheka. Mpox ilianza kuenea kwa nguvu Kamituga, hapa hapa katika jimbo letu, mwezi wa Septemba 2023. Ikashuka mpaka Uvira. Tarehe 14 Agosti mwaka huu Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura kwa dunia nzima. Ugonjwa huu unapita ngozi kwa ngozi, na unapita pia kwa vitu vilivyoguswa na vidonda: nguo, mashuka, taulo. Benchi ya ngozi bandia iliyopasuka, watu 30 wamelalia migongo wazi tangu asubuhi, kitambaa kimoja cha kupangusia wote, ni nini hiyo kama si mwaliko? Na lile kopo moja la maji linalozunguka kwa watu kumi, katika mji ambao kolera haijawahi kuuaga! Ukiwa na homa au vipele, usije kujaribu uume wako jimu. Nenda kituo cha afya.

Msidhani watawala wanaiona spoti kama mchezo. Ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, Bujumbura, vijana wa chama cha MSD walitoka kukimbia kwa kikundi tarehe 8 Machi 2014, wakagongana na polisi. Mwezi huohuo korti iliwahukumu 21 kati yao kifungo cha maisha, na mbio za vikundi zikawekewa masharti, zifanyike tu kwenye viwanja vilivyoruhusiwa. Serikali ile ilielewa kitu ambacho pomba wetu hajaelewa: watu wakizoea kukutana kila siku, kupeana zamu, kusimama nyuma ya mwenzao ili chuma kisimwangukie kifuani, kesho wataweza kufanya mambo mengine pamoja. Na mahali ambapo kila mtu anamwogopa mwenye misuli mikubwa, mwanasiasa anajua pa kwenda kununua walinzi wakati wa kampeni. Anamlipa mmoja tu, wengine wanafuata.

Kwa hiyo tunasema wazi, na tunaanza na wanaharakati wetu, kwa sababu aibu ingekuwa yetu kwanza. Kuanzia sasa mwenye kuvaa T-shirt ya harakati ndani ya jimu atarudisha vyuma mahali pake. Atapangusa benchi kabla ya kuinuka. Wakiwa wanangoja, atafanya raundi moja na kumpisha mwenzake. Akiona mdogo ananyanyua peke yake, atasimama nyuma yake bila kuombwa na bila kumcheka uzito wake. Akishindwa haya, asituombe megafoni siku ya maandamano.

Kwa ofisi ya meya tuna neno moja tu kwa leo: ziwa limepanda mwaka huu na kula fukwe tulizokuwa tunakimbilia. Viwanja vilivyobaki visiguswe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kuko salongo, kila kikundi kwenye jimu ya kartiye yake. Leteni vitambaa, misumari, bidoni la maji kila mtu na lake. Javeli tumeshanunua.