Msimbo Hauhesabiwi: Neno kwa Mwanaprogramu Anayetaka Uprofesa wa Uchumi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo nina jambo ambalo si la tarakilishi moja kwa moja, ingawa mtaona linaishia huko huko.

Binamu yangu anaandika programu za malipo hapa Nairobi, na mshahara wake ndio unaosomesha wadogo zake wawili. Juzi alinijia na habari kwamba anataka kuacha kazi, aende Marekani kusomea uzamifu wa makroekonomia (ule uchumi wa nchi nzima: mfumuko wa bei, riba, ajira, madeni ya serikali), kisha afundishe chuo kikuu huko huko. "Kaka, hesabu naijua, programu naziandika. Watu kama mimi wanahitajika."

Kuhitajika, kweli anahitajika. Tangu makala ya Kydland na Prescott ya mwaka 1982, mtu wa makro hujenga uchumi wa kubuni ndani ya mashine, akautikisa, akatazama unavyoyumba. Wengi hutumia Dynare, programu huria inayoendeshwa ndani ya MATLAB au Octave. Na tatizo lao ni lile tunalolijua sisi: modeli ikiwa na vigezo 5 vya hali, na kila kigezo ukikigawa pointi 100, tayari una pointi bilioni 10. Kwa baiti 8 kila namba, hizo ni gigabaiti 80 na bado hujapiga hesabu yoyote. Ongeza kigezo cha sita uone, terabaiti 8! Mtu anayejua kuizunguka shida hiyo ni dhahabu.

Tena wanahitaji watu wa kukagua kazi. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi zilizoendelea, deni lake likizidi asilimia 90 ya pato la taifa, zilikua kwa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa waliokuwa wakitetea kubana matumizi waliidaka namba hiyo. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uzamifu, Thomas Herndon, pamoja na Michael Ash na Robert Pollin wa chuo cha Massachusetts Amherst, walifungua faili yenyewe ya Excel. Fomula ilikuwa imeruka nchi 5: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Waliporekebisha hilo, wakarudisha takwimu nyingine zilizoachwa na kubadili namna ya kupima wastani, walipata 2.2. Nikiri kwamba kosa la Excel peke yake lilikuwa dogo, na wenyewe walilikubali huku wakitetea hoja yao kuu. Lakini mimi ninayelipwa kuandika majaribio ya programu bado nashika kichwa. Miaka mitatu!

Sasa kosa la binamu yangu ni kudhani kinachohitajika ndicho kinacholipwa. Kule mhadhiri mpya huingia katika njia ya kuelekea ajira ya kudumu. Anapewa takriban miaka 6, halafu kamati inakaa. Akipita, kumfukuza inakuwa vigumu sana. Asipopita, kwa kawaida hufunga virago. Na kamati hiyo, hasa katika idara kubwa, hutazama makala, zaidi zile zilizotoka katika majarida matano tu, yakiwemo American Economic Review na Econometrica. James Heckman na Sidharth Moktan waliandika juu ya udhalimu wa haya matano mwaka 2020. Heckman ana Nobel, kwa hiyo si kilio cha aliyekosa.

Programu yako inayotumiwa na watafiti wa nchi nzima? Watakupa asante. Ni kweli kwamba tangu 2019 majarida ya chama cha wachumi wa Marekani hukagua takwimu na msimbo kabla ya kukubali makala. Hatua nzuri, ila hapo msimbo ni tikiti ya kuingilia mlangoni, haukuongezei alama. Kwa maoni yangu huu ni upofu. Taaluma inayosimama juu ya programu inawaambia vijana wake kwamba kutunza programu ni kupoteza wakati, kisha inashangaa fomula zikiruka nchi tano.

Kuna pia hesabu ya nyumbani. Uzamifu miaka 5 au 6, njia ya ajira miaka 6 mingine. Programu nyingi za uzamifu za Marekani hulipa karo na kukupa posho, lakini posho ya mwanafunzi haisomeshi watoto wawili Kenya. Na mwaka 2025 vyuo kadhaa vikubwa vya huko vilitangaza kusitisha ajira mpya.

Sikumwambia asiende. Nilimwambia asitangulize msimbo. Atafute swali linalomnyima usingizi (kwake ni kwa nini bei ya unga hupanda haraka na kushuka polepole), programu iwe jembe la kulimia swali hilo. Na kabla ya kuacha mshahara, aombe kwanza zile kazi za miaka miwili za usaidizi wa utafiti, ambazo huajiri watu wa Stata, R, Python na Julia. Humo atauona ulimwengu huo akiwa analipwa. Pia AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, uko hapa hapa Nairobi tangu 1988, na si lazima kila njia ipitie Boston.

Alinuna kidogo. Kisha akaniomba barua ya mapendekezo, nami nimeimaliza jana usiku. Aya ya kwanza ni ya unga. Programu zake nimezitaja ukurasa wa pili.