Upenu wa Motokaa

Leo tuzungumze habari ya safari, maana nimepata barua ambayo naona itawafaa wengi kabla watoto hawajafunga shule.

Baba mmoja wa Moshi ananiandikia kwamba amenunua motokaa aina ya Hiace, iliyotumika. Viti vya nyuma amevitoa, seremala amemtengenezea kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, na mwezi wa Desemba anataka kwenda Pangani, yeye na mkewe, watoto watatu, na mama yake mzazi ambaye hajapata kuiona bahari. Watalala njiani na kupika wenyewe. Sasa anauliza anunue turubai gani la kufunga ubavuni mwa gari, wapate kivuli mchana na mahali pa kukaa mvua ikinyesha. Dukani ameonyeshwa moja la Ulaya, la kuvutwa na kukunjwa, na bei yake itamaliza akiba yote iliyobaki. Mkewe anasema bora fedha hiyo iwe karo. Naye hajui amjibu nini.

Ndugu yangu, swali lako ni jema, na mkeo naye ana haki ya kusema. Tuliangalie polepole.

Kwanza jina la kitu chenyewe. Watu wa pwani tangu zamani wanakiita chandalua kitambaa kinachotandwa juu ya watu kuzuia jua, lakini siku hizi ukisema hivyo kila mtu anafikiri habari ya mbu. Mimi nitasema upenu, maana ndivyo kilivyo: paa dogo lililoegemezwa ubavuni mwa nyumba, ila nyumba hii ina magurudumu. Wajerumani walianza mwaka 1951 kuzitengeneza Volkswagen ziwe za kulala, katika kiwanda cha Westfalia, na wenye magari ya namna hiyo waligundua upesi kwamba chumba kisicho na baraza kinachosha. Sisi hatuhitaji kufundishwa faida ya baraza.

Kabla sijasema habari ya vitambaa na nguzo, nitakueleza jambo lililotupata wenyewe.

Miaka 9 iliyopita, mwezi wa Julai, tulikwenda Lushoto na gari letu. Anayeijua Lushoto anaijua baridi yake ya Julai. Upenu wetu ulikuwa wa namna ya hema, wenye kuta na zipu, umeunganishwa na mlango wa gari. Tulikula chakula cha jioni, ukungu ukashuka, watoto wakaanza kutetemeka. Jiko la mkaa lilikuwa nje, moto umekwisha, makaa yamevaa majivu. Nililiingiza ndani ya upenu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikafunga zipu mpaka chini, nikauacha mlango wa gari wazi ili joto liwafikie watoto. Nilijiona mama mwenye akili.

Usiku wa manane mume wangu aliamka akitaka kwenda nje. Kichwa kilikuwa kinamuuma na miguu haina nguvu. Akaanguka juu ya ule ukuta wa kitambaa. Kuanguka kule ndiko kulikotuokoa, maana zipu ilipasuka na hewa ikaingia. Kijana wetu wa pili, wakati ule ana miaka 6, tulimwita hakuitika. Tulimtoa nje kwenye umande, akatapika, akafumbua macho, lakini hakuweza kusimama. Hospitalini walimwekea oksijeni mpaka mchana. Leo ni mzima, yuko sekondari, wala hapendi nisimulie habari hii. Nimemwambia kwamba safari hii nitaiandika.

Sababu yake ni hii. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho kama moshi. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hajui kwamba anapotea. Makaa yaliyovaa majivu, ambayo sisi huyaona kama yamekufa, bado yanaitoa kwa saa nyingi. Huko Uingereza watu wamekufa namna hii hii katika mahema na penu za magari, baada ya kuingiza ndani majiko ya kuchomea nyama. Hata jiko la gesi si la kufungiwa mahali watu wanapolala.

Kwa hiyo, baba wa Moshi, usianze na bei. Anza kwa kujiuliza jiko litakaa wapi, na nani atalala wapi. Ninyi ni watu sita. Kitanda cha Hiace hakiwatoshi wote, hata mkilala kama dagaa. Bibi, mama na watoto wadogo watalala garini. Wewe na kijana mkubwa mtahitaji hema dogo la kulalia, lenye sakafu yake na chandarua chake. Usitegemee kulala chini ya upenu ulio wazi, na mkipiga kambi katika hifadhi, kama ile ya Mkomazi karibu na Same, jambo hilo lisiwapitie hata akilini: kuna simba mle. Ukilijua hilo, basi kazi ya upenu inabaki moja tu, nayo ni kukaa chini yake mkiwa macho. Kazi hiyo haihitaji kuta.

Sasa tuviangalie vilivyoko dukani. Lile la kuvutwa lina sanduku la alumini linalofungwa ubavuni juu, na ndani yake kitambaa kimezungushwa kwenye bomba. Unazungusha mkono wake wa chuma, linatoka, unateremsha miguu miwili, na kivuli kiko tayari chai haijachemka. Kwa wepesi hakuna linalolishinda. Lakini ni zito, mara nyingi kilo 20 na zaidi, na bati la ubavuni peke yake halilibebi; lazima vipatikane vyuma vya kulishikilia. Upepo ukija ghafula, lazima ulikunje upesi, maana ile mikono ikipinda, kipuri chake hakipatikani kila mji. Na tazama jambo moja ambalo muuzaji huenda asikuambie: sisi tunaendesha upande wa kushoto, na mlango wa abiria katika magari yetu huwa kushoto. Katika nchi nyingi za Ulaya ni kinyume chake. Baadhi ya penu hizi zimetengenezwa kwa upande mmoja tu. Ukinunua lililotumika bila kuangalia, utapata kivuli upande usio na mlango.

Lile la namna ya hema lina ukanda unaofungwa ubavuni mwa gari, na unaweza kuufungua, ukaenda sokoni, na kurudi ukaufunga tena hema likiwa limesimama. Ni jema kwa mtu anayekaa mahali pamoja wiki nzima, tena kwenye baridi. Kulisimamisha ni kazi ya nusu saa na maneno makali baina ya mume na mke. Mimi nimekwisha sema langu juu ya kuta zake.

La tatu halimo dukani. Liko kwa fundi wa maturubai, yule anayeshona vifuniko vya malori na viti vya magari, na nina hakika kwamba Moshi hakosekani. Hilo ndilo ningelichagua kwa safari yenu.

Chukua utepe wa kupimia kabla hujakwenda kwake. Hiace ya paa la kawaida hufika karibu mita 2 kutoka ardhini, lakini pima lako, maana magurudumu na springi hubadilisha mambo. Pima pia urefu wa keria. Turubai la mita 3 kwa mita 2 na nusu linawatosha watu sita na meza. Mwambie fundi ashone upindo mpana upande ule mrefu, upitishe bomba jembamba ndani yake, na bomba hilo ulifunge kwenye keria kwa mikanda. Upande wa pili aweke matundu yenye pete za chuma, moja kila pembe na mawili katikati, na kila pembe aishone kitambaa mara mbili, maana ni pembe inayochanika kwanza. Hapo utahitaji nguzo mbili, kamba na vigingi, basi.

Nguzo za mbele ziwe fupi kuliko gari, karibu sentimita 30, na moja uishushe zaidi kuliko mwenzake. Watu wengi hupenda paa lililolala sawasawa kwa kuwa linapendeza macho. Hebu fanya hesabu. Mita 3 kwa mita 2 na nusu ni mita 7 na nusu za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, hayo ni maji lita 75, yaani kilo 75, uzito wa mtu mzima. Paa likiwa sawasawa, maji hayo hayaondoki. Hukusanyika katikati, kitambaa kinafanya tumbo, tumbo linavuta maji mengine, na mwishowe nguzo inakubali kuvunjika. Likiwa na mteremko kuelekea pembe moja, maji hutoka yenyewe, nawe unaweka ndoo chini ya pembe hiyo na kupata maji ya kuoshea vyombo. Desemba vuli bado haijamalizika pwani ya Tanga, mvua mtaipata.

Habari ya kitambaa. Turubai la pamba ni zuri kukaa chini yake, halina joto sana, na likilowa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu madogo. Jipya ulilowanishe na kulikausha mara moja au mbili kabla ya safari. Adui yake ni ukungu: likikunjwa bichi, baada ya siku chache lina madoa meusi na harufu isiyotoka. Turubai la plastiki zito, lile la malori, halioni mvua, lakini mita moja ya mraba huwa na gramu 600 na zaidi, na chini yake jua la saa saba hulisikia kichwani. Kitambaa cha poliesta kilichopakwa dawa ya kuzuia maji ni chepesi. Waliokitengeneza hupima nguvu yake kwa milimita za maji yanayoweza kusimama juu yake pasipo kupenya. Chini ya 1500 usichukue. Zile karatasi za plastiki za buluu ni rahisi, lakini jua letu huzila upesi, zikaanza kumeguka kama majani makavu. Kwa safari moja zinafaa. Kwa safari ya pili usiape.

Kati ya hizo, mimi ningechukua pamba, kwa sababu ya bibi. Mtu mzee akae chini ya plastiki nzito mchana kutwa, hapana.

Upepo ndio unaoharibu penu nyingi, kuliko mvua. Same mtaukuta barabarani, na pwani mwezi wa Desemba ni msimu wa kaskazi, upepo unaotoka upande wa kaskazini mashariki. Basi ukifika mahali pa kulala, usiwe na haraka ya kuzima injini. Geuza gari, ubavu usio na mlango uutazame upepo, ili gari lenyewe liwe ukuta wenu. Vigingi vipigwe vikiegemea mbali na turubai. Mchangani havishiki: jaza mchanga katika mifuko, uifunge kamba, uichimbie chini. Kamba za katani zikilowa hujikaza mpaka zing'oe kigingi, kwa hiyo mvua ikianza uzilegeze kidogo. Za nailoni hufanya kinyume, hulegea, nazo huzikaza. Usichanganye za namna mbili katika turubai moja, utazunguka usiku kucha. Na mkienda kulala, au mkiliacha gari, turubai lishuke. Hili nalo watu husahau, kisha asubuhi wanalitafuta kwa jirani.

Msiondoke Moshi bila kulijaribu. Jumamosi moja lisimamishe uani, watoto washike nguzo, umwage juu yake ndoo tatu za maji uone yanakwenda wapi. Mweke mama kiti chini yake saa tisa alasiri, uone kama jua linamfikia miguuni. Likimfikia, umwombe fundi akuongezee kipande cha kuning'inia mbele.

Kwa njia hii sehemu kubwa ya akiba itabaki, na mkeo atapata karo yake. Hata hema dogo la wewe na kijana litapatikana. Mkifika Pangani, kiti cha bibi kiwekeni upande unaoona bahari, na jiko liwe nje, hatua kumi kutoka garini, upande ule upepo unakokwenda.