Jina la kikoi liliokolewa, mfumi wake akasahaulika

UAMUZI wa Ghana wa kukilinda kitambaa cha kente kwa alama ya kijiografia, uliotangazwa mwishoni mwa Septemba 2025, unaikumbusha Kenya kazi iliyoiacha nusu tangu mwaka wa 2008. Shabaha ya ulinzi huo ni kwamba jina kente litumike tu kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kwa mbinu za jadi, katika maeneo ya Ghana yanayojulikana kwa ufundi huo. Awali, mnamo Desemba 2024, Shirika la UNESCO lilikuwa limeuingiza ufumaji wa kente katika orodha yake ya turathi za binadamu.

Wakenya nao walipata mtihani wao. Mwaka wa 2007 ilibainika kwamba kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeomba kulisajili neno ‘Kikoy’ kuwa alama yake ya biashara. Lau ombi hilo lingekubaliwa, muuzaji kutoka Mombasa angehitaji idhini ya kampuni hiyo ili kuuza kikoi kwa jina lake katika soko la Uingereza. Wafanyabiashara wa humu nchini, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft na mawakili wa huko, walipinga, na mwaka uliofuata ombi likaanguka.

Shangwe zilizofuata zilikuwa za haki. Hata hivyo, kilichookolewa kilikuwa jina tu. Hadi leo taifa hili halina sheria inayoeleza kikoi ni kitambaa gani, hufumwa vipi na hufumwa na nani.

Swali hilo si jepesi, kwa sababu Kenya haiwezi kudai kikoi kuwa mali yake peke yake. Vazi hilo limevaliwa kwa vizazi vingi Zanzibar, Lamu na kote katika mwambao. Ufumaji wenyewe ni mkongwe. Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu mwaka wa 1331, aliandika kuhusu vitambaa vilivyofumwa mjini humo na kuuzwa hadi Misri. Katika magofu ya Shanga na Kilwa, wanaakiolojia wamefukua vigurudumu vya kusokotea nyuzi za pamba. Kisha, kuanzia miaka ya 1830, meli za kutoka Salem nchini Marekani zikaleta shehena za kitambaa cha bei nafuu, merikani, na vitanda vingi vya wafumi vikashindwa kushindana nacho. Leo ushindani ni ule ule kwa sura nyingine: sehemu kubwa ya vikoi vinavyotundikwa madukani hutoka katika mitambo, vingine vikiagizwa kutoka India.

Anayedhani kwamba Ghana ilikuwa na kazi rahisi zaidi kwa kuwa kente ni ‘safi’ anakosea. Katika karne ya 18, wafumi wa Asante walifumua hariri iliyoletwa na wafanyabiashara wa Ulaya ili wapate nyuzi za rangi ambazo hawakuwa nazo. Uzi ulikuwa wa kigeni. Mkono ulikuwa wa Bonwire.

Mkono huo ndio wenye thamani. Mfumi wa kente hufuma utepe mwembamba, wa takriban sentimita 10 hivi, akivuta kwa vidole vya miguu kamba zinazoinua na kushusha nyuzi za mtande. Seti moja humpa mfumo wa kawaida, ambapo mtande na mshindio huonekana vyote viwili. Seti ya pili hukusanya nyuzi za mtande kwa mafungu, na mshindio ukazifunika kabisa. Hapo ndipo vinapozuka vile vipande vizito vya rangi. Tepe zikishakamilika hushonwa ubavu kwa ubavu, na vipande hivyo sharti vipangane. Mfumi akikosea hesabu katika utepe mmoja, kosa huonekana katika nguo nzima.

Uingereza, ambako jina la kikoi nusura lipotelee, imewahi kulitatua tatizo hili kwa ajili ya watu wake. Sheria ya Harris Tweed ya mwaka 1993 inataka kitambaa hicho kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, majumbani mwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa visiwani humo. Sheria hiyo haikuishia kwenye jina. Ilitaja mahali, malighafi na hata nyumba ya mfumi.

Kenya haikosi vifaa vya kisheria. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya maarifa ya jadi ya mwaka 2016 ilizipa kaunti jukumu la kuyaandikisha maarifa hayo. Wanawake wanaosuka vikapu Taita wamejipatia alama yao ya pamoja. Mswada wa alama za kijiografia, uliokuwa ukizungumzwa tangu siku zile za kesi ya kikoi, ndio uliokwama.

Bila shaka alama hiyo pekee haitazima mitambo. Kente ya kuchapishwa viwandani ingali inauzwa kote duniani, ingawa mnunuzi mwangalifu anaweza kuibaini kwa kuipindua tu: iliyochapishwa mara nyingi hufifia upande wa nyuma, ilhali iliyofumwa huonyesha rangi pande zote mbili. Kikoi hakina hata afueni hiyo. Rangi zake hutiwa kwenye nyuzi kabla ya kufumwa, kwa hivyo cha mtambo na cha mkono hufanana mbele na nyuma, taraza kwa taraza, hadi kwenye matamvua. Asiye mfumi ataamini anachoambiwa na muuzaji, na mfumi wa mkono, ambaye hutumia saa nyingi kwa kile ambacho mtambo hukimaliza kwa dakika chache, hulazimika kukubali bei ya mtambo.