Ukurasa wa Jamaa: Nani hajafika?



Wazazi wengi hutuuliza kama ni vema Mkristu kufanya sikukuu ya siku aliyozaliwa mtoto wake. Wazee wetu, husema wao, hawakuijua desturi hiyo. Ni mambo ya wageni, tena yanakula fedha. Sisi twajibu kwamba kumshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto si jambo geni kwa mtu ye yote. Ila namna ya kushukuru ndiyo yatupasa kuiangalia. Leo tutawasimulieni habari ya nyumba moja ya hapa Kamina, ambamo tulialikwa mwaka 2020, na kila mzazi achague mwenyewe lililo jema.

Mnaukumbuka mwaka ule. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alijulikana huko Kinshasa tarehe 10 Machi. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na makanisa pia. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Mikutano ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa. Pasaka tuliisali nyumbani, kila jamaa mbele ya msalaba wake. Tena kabla ya korona palikuwa na surua, ambayo tangu mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, na wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa hiyo mzazi aliyewaona watoto wake wakicheza uani alishukuru, na papo hapo aliogopa.

Hali ya dharura ilikoma mwezi wa Julai, na ruhusa ya kufungua makanisa ikaanza Jumamosi tarehe 15 Agosti, ndiyo Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mzee mmoja alituambia kwamba siku ile Mama Maria alitufungulia mlango kwa mkono wake.

Katika nyumba ile tunayoisimulia, binti alikuwa ametimiza miaka kumi mwezi wa Mei, wakati wa kufungwa. Wazazi walimwahidi: “Tukifunguliwa, tutafanya sikukuu yako.” Sasa siku za ahadi zimefika. Baba, fundi seremala, aliyekosa kazi karibu miezi mitano, alifikiri kukopa fedha. Alitaka keki kubwa, vipaza sauti vya muziki, na mpiga picha, kwa kuwa jirani mmoja alifanya hivyo zamani, na watu wangali wakimsifu. Mama watoto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: “Baba, keki hiyo tutaila saa moja, na deni lake litatula sisi miezi mitatu.” Wakamwita binti, wakamwuliza anataka nini. Akajibu: “Nataka niwaone wenzangu wa darasa.”

Basi Jumapili moja ya mwisho wa Agosti, baada ya Misa, karamu ikafanyika uani, chini ya mwembe. Ni majira ya kiangazi, vumbi jingi, asubuhi baridi, na mwembe umechanua maua. Langoni palikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na kila mtoto alikuja na kikombe chake. Mikeka ilitandikwa mbalimbali, watoto wasibanane. Chakula kilikuwa bukari, sombe na samaki wakavu wa kutoka upande wa Bukama. Tena vitumbua, na mtungi wa munkoyo. Baba alitumia fedha alizokuwa nazo, hakukopa hata faranga moja, na kidogo kikabaki mfukoni mwake.

Ilikuwa furaha kuwatazama watoto wale. Walipofika walisimama kwanza kama wageni, wakitazamana na kucheka kwa haya, maana wengine walikuwa wamerefuka, na wengine wamepoteza meno ya mbele. Kisha mmoja akatupa mpira wa matambara, na haya ikaisha. Wavulana walipiga kelele, wasichana waliruka na kupiga makofi. Sisi wazee tulikaa kivulini tukasema: kumbe kelele hizi ndizo tulizozikosa!

Chakula kilipokuwa tayari, mama alimwambia binti yake awaite wenzake kwa sala. Binti akawahesabu, akanyamaza. Kisha akasema: “Mama, yule tuliyekaa naye benchi moja hajafika.” Mtoto mwingine akajibu: “Huyo haji. Anauza karanga karibu na kituo cha gari la moshi. Tena amesema hatarudi shule.”

Wasomaji wapendwa, hapo ndipo karamu ilipoweza kuharibika au kutengenezwa. Ingekuwa rahisi kusema: “Bahati mbaya, tule, chakula kinapoa.” Baba alimtazama binti yake, akachukua baisikeli, akaenda. Akamkuta mtoto ameketi kando ya njia pamoja na nkambo wake, yaani mama wa marehemu mama yake. Baba akamsalimu yule mzee kwa heshima, akaeleza haja yake. Mzee akajibu: “Asante, mwanangu, kwa kutukumbuka. Lakini sahani hii haijauzika. Akienda kucheza, jioni tutakula nini?”

Baba hakuwa na neno la kujibu. Akaingiza mkono mfukoni, akazitoa zile fedha zilizobaki, akainunua sahani nzima ya karanga. Akarudi na mtoto juu ya baisikeli, na karanga zimefungwa katika kitambaa. Watoto walizila zote, na mpaka leo wanaiita “sikukuu ya karanga”. Mtoto yule alikaa tena karibu na mwenzake, kama katika benchi lao.

Lakini sikukuu ni siku moja, na njaa hurudi kesho yake. Mama wa nyumba ile alilifahamu jambo hilo. Alilipeleka katika jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wake. Ni kweli kwamba tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na Kanisa, ni bure. Lakini bure hiyo haishoni sare wala hainunui daftari, wala haimpi nkambo chakula cha jioni. Mama mmoja alishona sare kutoka nguo ya binti yake mkubwa. Wengine walitoa madaftari. Wawili wakakubali kuuza karanga za mzee pamoja na vitu vyao sokoni, saa za masomo. Mwezi wa Oktoba, mwaka mpya wa shule ulipoanza, mtoto yule aliingia darasani.

Tarehe 18 Desemba shule zilifungwa tena, hata 22 Februari 2021. Safari hii wazazi wale hawakungoja. Mvua ilipokatika waliwakusanya watoto wachache chini ya mwembe ule ule kusoma na kuhesabu, na kila siku binti wa nyumba aliwahesabu wenzake kwanza.

Hatusemi kwamba watoto wote wa mji wetu walirudi. Wako waliobaki sokoni, wako wasichana walioolewa kabla ya wakati, na vyeo vyao vya shule vimekwisha kuwa ndoto. Labda hakuna aliyeuliza mapema: nani hajafika?

Bwana wetu, katika Injili ya Luka, alitufundisha kwamba tukifanya karamu tuwaalike maskini na wale wasioweza kutulipa. Basi wazazi, mkitaka kufanya sikukuu ya mtoto wenu, anzeni kwa Misa, na kumkumbusha siku ya Ubatizo wake na somo wake mtakatifu. Fungueni kadi yake ya chanjo, mwone kama iko iliyosahauliwa. Msikope. Kisha, kabla ya sala ya chakula, mwacheni mtoto awahesabu wenzake, na akimkosa mmoja, ondokeni mkamtafute.

Nanyi wanafunzi, mnayajua mambo ambayo wazazi wenu hawayajui, maana ninyi ndio mnaoona nani hayupo katika benchi. Msinyamaze, mwambieni mwalimu, mwambieni mama.

Mungu awabariki watoto wetu wote, walioketi mkekani na wale walio bado njiani.