Moyo unapokimbia bila kukimbizwa

Msomaji, tuseme binti yako ameketi darasani akinakili maandishi ya ubaoni. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio, mapigo 180 au zaidi kwa dakika, ilhali hajapanda hata ngazi. Kifua kinambana, kichwa kinamzunguka. Baada ya robo saa unatulia mara moja, kama taa iliyozimwa. Mwalimu asema ni woga wa mtihani. Nyanya ashuku jicho la jirani. Nawe unamnunulia dawa ya vidonda vya tumbo.

Huenda nyote mmekosea.

Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Cheche huanzia vyumba vya juu, hupitia lango moja katikati na kucheleweshwa hapo kidogo, kisha huteremka vyumba vya chini. Lakini kuna watu wanaozaliwa na uzi wa ziada wa msuli, unaounganisha juu na chini kando ya lango hilo. Sisi wa mitaani twajua waya wa stima uliounganishwa kinyemela huleta nini! Cheche hushuka kwa njia halali, ikarudi juu kwa njia ya panya, ikashuka tena, na kila mzunguko ni pigo.

Mnamo 1930 Louis Wolff na Paul Dudley White wa Boston, pamoja na John Parkinson wa London, walieleza wagonjwa 11 wa aina hii, na hali hiyo ikapewa majina yao.

Mpeleke binti apimwe umeme wa moyo, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. Kwa wengi, njia hiyo huacha alama kwenye karatasi hata moyo ukiwa umetulia. Kwa wengine hujificha, kwa hivyo karatasi ikiwa safi, usichoke: apimwe tena moyo ukiwa mbioni.

Ukimshika nyumbani, avute pumzi, aizuie na kujikamua kwa sekunde 15, kisha alale chali mkimwinulia miguu. Baadhi hutulia. Akizimia, hospitali moja kwa moja, kwani mara chache hali hii huua.

Na inatibika. Daktari hupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, akaichoma ile njia. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hufanikiwa.

Kwa sasa mpe saa na daftari. Moyo ukianza tena, ahesabu mapigo na kuandika ulianza lini, ukakoma lini. Daktari atayauliza hayo kwanza.