Tiba ya Mazungumzo Haina Njia ya Mkato

Leo tunaweka simu mpya kando kidogo, ingawa mwisho tutarudi kwenye kompyuta kama kawaida yetu. Nataka tuzungumzie mafunzo ya wanaotibu kwa mazungumzo, hasa ile tiba ya muda mrefu iitwayo saikodainamiki.

Kwa wasioijua: mtu humwendea mtaalamu mara moja au zaidi kwa wiki, kwa mwaka au hata miaka. Wanayatafuta yale anayoyabeba moyoni bila mwenyewe kujua, kama donge la msiba wa utotoni au hasira kwa baba aliyekwisha kufa. Mara nyingi ya zamani hujitokeza mle mle chumbani: mgonjwa anaanza kumwogopa mtaalamu kama alivyomwogopa baba. Hapo ndipo kazi ilipo.

Wenzangu waandishi wa programu wakisikia hayo husema, "Mazungumzo tu? Tuandikie programu!" Jamani, ilishaandikwa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitangaza ELIZA, iliyogeuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu wake, aliyejua fika kuwa ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani! Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima akisema kuna kazi ambazo kompyuta haifai kupewa. Baadaye, mwaka 2017, ikaja Woebot. Juni 2025 ikafungwa. Aliyezoea kuifungulia moyo kila usiku akabaki na simu tupu. Tiba ya miaka inataka mtu atakayekuwepo kesho.

Mtu huyo hufundishwaje? Msingi uliwekwa Berlin, kwenye kliniki iliyofunguliwa mwaka 1920 na Max Eitingon na wenzake. Kwanza, masomo ya nadharia. Pili, kutibu wagonjwa huku ukisimamiwa na mkongwe. Tatu, mwanafunzi mwenyewe atibiwe. Uingereza mafunzo haya kwa kawaida huchukua miaka 4 au zaidi.

La pili tunalijua sisi. Mwanagenzi wa programu hupitiwa kazi yake mstari kwa mstari na mkubwa wake kabla haijaingia. Lakini la tatu ndilo linalorukwa kirahisi, na kwangu ndilo kubwa. Asiyejua donge lake mwenyewe atalisikia kwa mgonjwa na kudhani ni la mgonjwa. Au atabadilisha mazungumzo pale pale yanapokaribia kuuma.

Sasa tuje Mombasa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Vizuri sana. Lakini cheti ukutani hakikuambii kama mwenye nacho amewahi kukaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Na mizigo ipo. Mji wa Kale wanajua heroini imewafanyia nini vijana. Kenya ilianza kutoa methadoni mwishoni mwa 2014, na dawa hiyo hutuliza mwili. Je, maneno ya miaka kumi kati ya kijana na mamake, nani atakaa nao wayatoe? Na kwa lugha gani? Donge la mtu wa Kibokoni halitoki kwa Kiingereza cha darasani. Litatoka kwa Kimvita, likitoka.

Kuna na faragha. Mitaa yetu imebanana, baraza zinatazamana, na mtaalamu wa karibu huenda akawa binamu ya shemeji yako. Mwanafunzi atatibiwa na nani hapo bila mtaa mzima kujua?

Hapa ndipo teknolojia inapofaa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009. Mwaka uliotangulia, shirika la CAPA lilikuwa limeshaanza mafunzo ya miaka 2 kwa Wachina, walimu wakiwa Marekani na masomo yakipita kwenye intaneti. Na sisi tunaweza: mwanafunzi akae Mombasa, msimamizi awe Nairobi au London, na mtaalamu anayemtibu yeye awe mji mwingine kabisa. Mgonjwa apate chumba chenye mlango unaofungwa, maana simu ya nyumbani hushikwa na watu wanne.

Mtasema ni anasa. Kweli, wengi watafaidika na ushauri mfupi, na uendelee. Lakini mshauri akikutana na kesi isiyosogea, amwendee nani? Ndiyo maana nasema kaunti na vyuo vyetu wangesomesha watu sita tu, wazungumzaji wa Kiswahili cha huku, kwa miaka minne, pamoja na gharama ya tiba yao wenyewe. Hao sita wangewasimamia wengine. Ni bora kuliko roboti nyingine ya kukuambia "nakuelewa".

Mnaonaje? Hasa ninyi wa Mombasa, na washauri nasaha mlioko kazini. Nasubiri maoni yenu.